Nyumba baada ya msiba: namna ya kuitafiti kwa kamera

Mwanafunzi wa upigaji picha anayechagua majonzi na majengo kuwa mada ya utafiti mara nyingi huanza kwa kutafuta gofu. Hutafuta ukuta uliobomoka na mwanga hafifu, kisha akirudi kwenye kompyuta anazitia kona za picha giza. Picha hizo hupendeza, lakini aliyefiwa akizitazama hakuti kitu chake humo. Majonzi ya nyumba yanakaa kwenye alama za matumizi: godoro lililobonyea upande mmoja, kizingiti kilicholika, swichi iliyochakaa kwa kidole kilekile miaka nenda miaka rudi. Alama hizi ni ndogo, na picha iliyopigwa ovyo huzipoteza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu vipimo.

Hatua ya 1: Swali linaloweza kujibiwa

"Je, picha inaweza kuonyesha huzuni?" si swali la utafiti, kwa sababu hakuna picha itakayolijibu kwa ndiyo au hapana. Jaribu hivi: "Katika nyumba ya aliyefariki, ni sehemu zipi wafiwa huzibadilisha mwanzo, zipi hawazigusi, na je, picha zinazopigwa kutoka mahali palepale kwa miezi sita zinaonyesha tofauti hiyo?" Swali hili linakuambia moja kwa moja usimame wapi, urudi lini na ulinganishe nini.

Tofautisha pia maneno yako mapema. Majonzi ni yale yaliyo ndani ya mtu. Maombolezo ni yale anayoyatenda yakaonekana. Kamera haiyafikii majonzi, ila inaweza kufikia kilichofanywa na kilichoachwa bila kufanywa: kiti kilichogeuzwa kuelekea ukutani, koti ambalo halijashushwa kwenye ndoano.

Kwenye nadharia, usijenge kazi yako juu ya hatua tano za kuukabili msiba za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross, za mwaka 1969, kana kwamba ni ratiba ya mfiwa. Alizitoa katika kazi yake na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Mfululizo wa picha tano, kukana hadi kukubali, ni mtego ambao wasimamizi wameshauchoka. Kinachofaa zaidi kwa mtu wa majengo ni maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut ya mwaka 1999, kwamba mfiwa huyumba kati ya kuukabili msiba na kuendelea na maisha, huku na huku, hata ndani ya siku moja. Chumba kimoja kinaweza kubeba pande zote mbili, kitanda kikiwa hakijaguswa na meza ya pembeni tayari ina kompyuta ya mtu mwingine. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walitetea wazo kwamba uhusiano na marehemu unaendelea kwa sura nyingine, nalo litakusaidia kuelewa kwa nini kikombe chake bado kinatumika.

Kwa wapiga picha waliotangulia, soma mbinu zao kabla ya kusoma hisia zao. Charles Marville alipewa kazi ya kupiga mitaa ya Paris iliyokuwa ibomolewe katika karne ya 19, na ukali wa picha zake unatokana na utulivu wake. Eugène Atget alifanya kazi Paris hadi alipofariki mwaka 1927, akibeba sahani za kioo za sm 18 kwa 24, mara nyingi alfajiri wakati mitaa ni mitupu. Bernd na Hilla Becher walianza mwaka 1959 kupiga minara ya maji na tanuri za viwanda chini ya anga la mawingu, kwa kimo na umbali uleule, na mengi ya majengo hayo yalibomolewa baadaye. Ishiuchi Miyako, baada ya mama yake kufariki mwaka 2000, alipiga nguo na vipodozi vyake kimoja kimoja. Hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kutia giza.

Hatua ya 2: Ruhusa

Peleka maombi kwa kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako kabla ya kumwendea mtu yeyote. Baada ya hapo, tengeneza fomu yenye vipengele vinavyojitegemea, kila kimoja na sahihi yake: kuingia ndani, kupiga vyumba, kupiga vitu vya marehemu, kuonyesha picha chuoni, kuziweka kwenye maonyesho ya wazi, kuziweka kwenye intaneti. Mtu anaweza kukubali vitano akakataa cha sita. Andika pia tarehe ya mwisho ya kujitoa, na iwe tarehe halisi.

Uliza mapema ni nani wengine wana haki na nyumba hiyo. Kosa la kawaida ni kupata ruhusa ya mtoto mmoja, kisha ndugu yake akafika siku ya tatu akakuta mgeni na kamera chumbani kwa mama. Hapo utafiti umekwisha, na umewaongezea watu maumivu.

Ziara ya kwanza nenda bila kamera. Toa pole, kaa, sikiliza. Ukiulizwa unachotaka, sema kwa maneno machache: "Naomba kupiga picha za nyumba, si za watu. Sitasogeza kitu. Mkiniambia niache, naacha, na picha nazifuta." Kisha uliza jambo moja la kiutendaji: nyumba itahamwa au kugawanywa vitu lini? Jibu hilo ndilo ratiba yako.

Ikiwa msiba ni wako mwenyewe, unaweza kufanya utafiti huu, lakini uandike wazi kwenye sura ya mbinu, umwombe msimamizi achague picha nawe, na ujiwekee kikomo cha saa mbili kwa ziara. Mtu aliyechoka kwa kulia hukosea fokasi na hajui kwamba amekosea.

Hatua ya 3: Ramani na mpangilio wa kazi

Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi ya miraba kwa kipimo cha 1:50, yaani mita 1 ni sm 2. Weka madirisha, milango na upande inakofungukia, mshale wa kaskazini, na fanicha kubwa. Kila mahali utakaposimamisha kamera pape jina: K1, K2, K3. Nyumba ya vyumba vitatu hutosha kwa pointi 8 hadi 12. Ukizidisha, hutaweza kuzirudia zote katika mwanga uleule.

Piga kwanza kitakachotoweka kwanza. Kitanda huwa cha kwanza, maana shuka huondolewa mapema. Kisha meza ya dawa, kiti cha kila siku, nguo, jikoni. Kuta na sakafu husubiri.

Na usipange chochote. Kandambili zilizokaa upande, zikae upande. Kabati lililofungwa lipigwe likiwa limefungwa. Vumbi usilifute, kwa sababu duara safi lililoachwa na glasi juu ya meza yenye vumbi ni ushahidi wa siku kadhaa, na likifutwa halirudi. Ukishasogeza kitu, picha inakuwa yako, haiwi tena ya nyumba; na wafiwa, wanaojua kila kitu kilipokuwa, wataona.

Hatua ya 4: Vifaa

Kwa kamera yenye sensa ya ukubwa kamili, lenzi ya mm 28 au 35 ndiyo ya vyumba, na mm 24 iwe ya vyumba finyu tu. Kwa sensa ndogo ya APS-C, hesabu mm 18 hadi 23. Chini ya mm 20 kwenye sensa kamili, vitu vya pembeni huvutika: kitanda kinakuwa kama mtumbwi na chumba kinaonekana kikubwa kuliko alivyokiishi mwenyewe. Ni sura ya picha za kuuzia nyumba, na katika utafiti huu ni uongo. Ongeza lenzi ya mm 50 au 85 kwa alama ndogo.

Mengine ni tripodi imara, pimamaji ndogo, kadi ya kijivu, kifyatulio cha mbali, futi ya kupimia ya mita 5, utepe wa karatasi wa gundi usioacha doa, uzi wenye nati mwishoni wa kutumika kama timazi, tochi ya LED, daftari na penseli. Kama unaweza, chagua lenzi isiyo na zumu. Zumu hujisogeza yenyewe kati ya ziara, na milimita mbili za tofauti hutosha kuharibu ulinganisho.

Hatua ya 5: Kimo, usawa na fremu

Kimo cha kamera ni uamuzi wa kiutafiti. Macho ya mtu mzima aliyeketi kitini huwa karibu sm 110 hadi 120 kutoka sakafuni. Aliyesimama, karibu sm 150 hadi 160. Aliyelala kitandani akiegemea mto, kati ya sm 70 na 90 kutegemea kitanda. Ukipiga chumba cha mgonjwa aliyelala miezi mingi kutoka kimo cha mtu aliyesimama, umepiga anachokiona daktari. Shusha tripodi hadi kimo cha mto, elekeza dirishani au mlangoni, na utaona dari ikichukua nusu ya picha, kama ilivyochukua nusu ya siku zake.

Weka pimamaji juu ya kamera, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Kamera ikiinamishwa juu au chini, kuta haziendi na timazi. Hukutana juu au hutawanyika. Ukitaka kuonyesha zaidi juu, panda au rudi nyuma, usiinamishe. Programu inaweza kunyoosha baadaye, ila hukata pembe, kwa hiyo acha nafasi ya ziada ya karibu asilimia 10 kila upande. Lenzi ya kuhamisha mhimili (tilt-shift) inaliondoa tatizo hili kabisa, kama chuo kinaazimisha.

Ukipiga ukuta uso kwa uso, pima umbali kutoka kamera hadi pembe ya kushoto ya ukuta na hadi pembe ya kulia, kamera ikiwa katikati. Vipimo vikitofautiana, sogeza tripodi hadi vilingane, kisha zungusha kamera kidogo kidogo mpaka mstari wa sakafu uwe sambamba na ukingo wa chini wa fremu. Jicho linasamehe mengi nje, lakini ndani ya chumba kosa la nyuzi moja huonekana.

Hatua ya 6: Mwanga

ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Zaidi ya f/16 picha huanza kulegea kwa sababu ya mtawanyiko wa mwanga tunduni. Kwa lenzi ya mm 24 kwenye f/11, ukifokasi karibu mita 1.75, ukali hukubalika kuanzia takriban mita 0.9 hadi mbali kabisa; kwa mm 35, fokasi karibu mita 3.75 na utapata kuanzia kama mita 1.9. Kuza kwenye skrini uhakikishe.

Shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, itakuwa kati ya robo sekunde na sekunde kadhaa. Tumia kifyatulio au kuchelewesha kwa sekunde 2, zima kituliza mtikisiko cha lenzi, na kwenye sakafu ya mbao simama tuli sekunde 5 kabla ya kufyatua. Picha laini isiyoelezeka kwenye sakafu ya mbao karibu kila mara imeletwa na mguu wa mpiga picha mwenyewe.

Dirisha likiungua kwa weupe, piga picha tatu zenye tofauti ya stopu 2 (kila stopu ni mwanga maradufu au nusu), kisha ziunganishe kwa mkono, ukichukua dirisha tu kutoka kwenye ile nyeusi. Muunganiko wa moja kwa moja wa programu hufanya vivuli kuwa vya kijivu na kuzungusha mng'ao kwenye fremu za madirisha. Dirisha lililoungua kidogo si dhambi. Chumba kisicho na kivuli hakiaminiki.

Zima taa za umeme. Taa ya K 2700 (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) ikichanganyika na mchana wa K 5500 hukupa upande mmoja wa rangi ya chungwa na mwingine wa buluu. Isipokuwa kama marehemu alikuwa akisoma kwa taa ile: basi subiri usiku, washa hiyo pekee. Weka mizani ya weupe kwa kadi ya kijivu, usiiache kwenye otomatiki, maana kila fremu itakuja na rangi yake.

Anayepiga filamu akumbuke kuongeza muda pale shata inapozidi sekunde moja. Kwa Ilford HP5 Plus, muda uliopimwa hupandishwa kwa kipeo cha 1.31: sekunde 4 huwa kama 6, na sekunde 10 huwa kama 20.

Alama moja kwa karibu

Chukua kiti alichokaa mtu miaka mingi, kikiwa kimeegemea ukuta. Nyuma yake, mara nyingi kati ya sm 100 na 120 kutoka sakafuni, pana doa la mafuta ya nywele, upana wa kiganja, katikati limekolea na kingo zake zimefifia. Kwenye mwanga wa mbele halionekani kabisa. Subiri jua lipite sambamba na ukuta, au shika tochi mita 1.5 hadi 2 kutoka kwenye doa, ikiwa nyuzi 10 hadi 15 tu kutoka usoni mwa ukuta. Rangi itaonyesha mikwaruzo ya brashi, na mahali pa kichwa patang'aa kwa ulaini, kwa sababu pamesuguliwa.

Tumia mm 85, f/8, tripodi. Kamera ikipima ukuta mweupe huufanya wa kijivu, kwa hiyo ongeza stopu 1, kisha angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha) isigonge kulia. Piga mara mbili: moja na rula pembeni kwa ajili ya kumbukumbu za utafiti, nyingine bila rula. Halafu, bila kusogeza kiti, rudi nyuma upige kiti na ukuta pamoja, la sivyo miezi sita baadaye doa litakuwa doa tu.

Njia hiyohiyo hufichua mstatili uliobaki msafi pale picha ilipokuwa imetundikwa, vishimo vya mkongojo sakafuni, na bonde la godoro. Godoro lipigwe kutoka miguuni, kamera sm 20 hivi juu ya usawa wake, dirisha likiwa ubavuni.

Hatua ya 7: Kurudi

Rudi kila baada ya wiki mbili kwa miezi miwili ya kwanza, kisha kila mwezi. Alama za utepe sakafuni hubanduliwa siku ya usafi, kwa hiyo usizitegemee peke yake. Ning'iniza timazi chini ya kitovu cha tripodi, pima kutoka nati hadi kwenye kona mbili za chumba, na uandike vipimo vyote viwili. Kwa kona mbili, pointi hupatikana tena hata zulia likiondolewa. Andika pia kimo, lenzi, tundu, umbali wa fokasi, saa na hali ya anga. Kabla ya kufyatua, fungua picha ya ziara iliyopita kwenye simu na ulinganishe mistari minne: pembe mbili za ukuta, ukingo wa mlango, mstari wa sakafu.

Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, na katika miezi sita njia yake angani hubadilika. Saa ileile haitoi mwanga uleule. Siku ya mawingu hukupa ulinganisho ulio safi zaidi; ikiwa lazima jua, kubali kwamba kivuli nacho ni sehemu ya tarehe.

Hatua ya 8: Kuongea kwa kutumia picha

Chapisha picha 8 hadi 12 za sm 10 kwa 15, umpe mfiwa azipange mezani apendavyo. Swali linalofungua mengi ni hili: "Hapa pana nini ambacho mimi sikioni?" Mtu atakuonyesha msumari, kona ya pazia, ufa, na ramani yako itabadilika. Usiulize "ulijisikiaje". Dakika 45 zatosha. Picha ya kitanda iweke kifudifudi, mwambie ni ya nini, aamue mwenyewe kuigeuza.

Ukitoka, ndani ya saa moja jaza daftari katika safu mbili: kushoto ulichoona, kulia ulichohisi. Ukizichanganya, huwezi kuzitenganisha tena wakati wa kuandika tasnifu.

Hatua ya 9: Faili, uteuzi, chapa

Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae jengo jingine. Kabla ya kuonyesha popote, ondoa data ya mahali kwenye faili na ukague kila picha kwa asilimia 100: jina kwenye pakiti ya dawa, anwani kwenye bahasha, uso kwenye kioo. Kioo cha kabati la nguo ndicho kinachosahaulika zaidi.

Usigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe mwishoni kwa sababu tu zinaonekana za furaha mno. Pazia lililochujuka upande wa jua ni miaka iliyohesabiwa kwa rangi. Ukiondoa rangi, umeondoa hesabu. Ukitaka nyeusi na nyeupe, amua kabla ya ziara ya kwanza.

Faili la pikseli 6000 kwa 4000 huchapwa karibu sm 51 kwa 34 kwa nukta 300 kwa inchi. Vyumba vinaistahili saizi hiyo. Alama ndogo zichape sm 20 kwa 25, mtazamaji asogee.

Kama nyumba haipatikani

Jengo la kumbukumbu ya umma linaweza kuwa uwanja wako, ila lina tatizo lake: mbunifu ameshafanya kazi ya kuomboleza, na mpiga picha huishia kumnakili. Ukuta wa Maya Lin mjini Washington, wa mwaka 1982, wa kuwakumbuka Wamarekani waliokufa katika vita vya Vietnam, ni wa graniti nyeusi iliyong'arishwa yenye majina zaidi ya 58,000, na kila anayeusogelea hujiona juu ya majina. Usihangaike kuufuta mwakisi huo kwa kichujio, umewekwa makusudi. Mjini Berlin, nguzo 2,711 za zege za Peter Eisenman, kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya iliyofunguliwa mwaka 2005, hupigwa na wengi kutoka pembeni kama ruwaza. Shuka katikati, ambako sakafu imezama na zege limepita vichwa, uweke kamera kwenye kimo cha macho na usubiri watu watokeze na kupotea kati ya nguzo. Kwa shata ya sekunde 1, mpita njia huacha ukungu tu; mchana utahitaji kichujio cha kupunguza mwanga.

Nakala za familia

Kazi ikikamilika, familia ipate seti yake ya sm 13 kwa 18, ikiwa na picha zote walizoziruhusu, siyo zile tu ulizoziteua. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli laini chumba na tarehe. Picha ya kitanda, na nyingine yoyote uliyoombwa uwe mwangalifu nayo, itie kwenye bahasha ya pekee iliyofungwa, na juu yake uandike wazi kilichomo, ili atakayeifungua awe ametaka kuifungua.